Kasi ya Kumbukumbu ya Kompyuta na Jinsi ya Kusoma Vipimo Vyake

Hapo zamani wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki walipima nguo kwa mkono. Dhiraa moja, yaani urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ilihesabiwa kuwa sawa na shibiri mbili. Mtu aliyeambiwa kwamba kitambaa kimoja kina shibiri 8 na kingine kina dhiraa 4 hakudhani kwamba cha kwanza ni kirefu maradufu kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4. Alijua kwamba idadi haina maana mpaka kipimo chenyewe kijulikane. Kanuni hii, ijapokuwa ni nyepesi, husahauliwa mara nyingi watu wanaposoma vipimo vya kumbukumbu ya kompyuta.

Ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari imenunua vibao vipya vya RAM kwa ajili ya kompyuta za maabara yake. Juu ya kila kibao pameandikwa DDR4-3200. Mwanafunzi anafungua programu ya kukagua kompyuta, kama vile CPU-Z, na katika kompyuta ya kwanza anasoma kwamba kumbukumbu inakwenda kwa megahezi 1597, na kwamba kipimo kiitwacho CL ni 22. Katika kompyuta ya pili anasoma megahezi 1198, na CL ni 17. Wanafunzi wanatoa hukumu mbili papo hapo. Kwanza, wanasema kwamba muuzaji amewapunja, maana wamelipia 3200 wakapata nusu yake. Pili, wanasema kwamba kompyuta ya pili ina nafuu kidogo, kwa kuwa CL yake ni ndogo na kwa hiyo haingoji sana. Mwalimu anatakiwa aamue kama vibao virudishwe dukani. Hukumu zote mbili si sahihi, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa utaratibu.

Jinsi kumbukumbu inavyohifadhi habari

RAM zitumikazo leo katika kompyuta zimejengwa juu ya wazo la Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Katika wazo hilo kila biti, yaani kila 0 au 1, huhifadhiwa na kapasita moja ndogo sana inayolindwa na transista moja. Kapasita yenye chaji huwakilisha tarakimu moja, na isiyo na chaji huwakilisha nyingine. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilitoa sokoni kipande kilichoitwa 1103, chenye biti 1024 tu. Siku hizi kibao kimoja cha gigabaiti 8 kina biti zaidi ya bilioni 68.

Kapasita hizo zimepangwa kama viti vya ukumbi, kwa safu mlalo na safu wima. Prosesa inapotaka habari fulani, kwanza safu mlalo nzima hufunguliwa na chaji zake husomwa na saketi za kukuzia umeme zilizo pembeni. Kisha safu wima inayohitajika huchaguliwa, na data hutolewa nje. Kwa kuwa chaji huvuja polepole, kila safu mlalo lazima isomwe na kuandikwa upya kwa vipindi, ambavyo kwa kawaida ni kila milisekunde 64.

Pigo la saa na mapitisho mawili

Kazi zote hizo huongozwa na saa ya umeme, kama vile wapiga makasia wanavyofuata mapigo ya ngoma. Megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Katika kumbukumbu za zamani data ilipitishwa mara moja kwa kila pigo. Kumbukumbu za aina ya DDR, ambazo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2000, hupitisha data mara mbili kwa kila pigo: mara moja umeme wa saa unapopanda na mara moja unaposhuka. Herufi DDR zenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mwendo maradufu wa data.

Kwa hiyo tarakimu 3200 iliyo juu ya kibao haihesabu mapigo, bali huhesabu mapitisho: milioni 3200 kwa sekunde. Programu nayo huhesabu mapigo: milioni 1600 kwa sekunde. Moja ni shibiri na nyingine ni dhiraa, na urefu ni ule ule. Tofauti ndogo kati ya 1597 na 1600 hutokana na saa ya msingi ya ubao mkuu kutofika megahezi 100 kamili. Basi katika kompyuta ya kwanza muuzaji hana kosa lolote.

Maana ya CL

CL ni idadi ya mapigo ya saa ambayo prosesa hungoja tangu safu wima inapoagizwa mpaka data ya kwanza kutokea, ikiwa safu mlalo imekwisha kufunguliwa. Neno la kuangaliwa hapa ni mapigo. CL haipimwi kwa sekunde, na pigo la saa halina urefu mmoja katika kumbukumbu zote. Saa inapokwenda haraka, kila pigo huwa fupi. Ili kupata muda wenyewe, hapana budi kuzidisha idadi ya mapigo kwa muda wa pigo moja.

Muda huo hupimwa kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa bilioni. Katika nanosekunde moja nuru husafiri sentimita 30 hivi, sawa na urefu wa rula ya mwanafunzi. Kwa kumbukumbu za DDR hesabu inaweza kufupishwa hivi:

Muda wa kungoja = CL × 2000 ÷ mapitisho

Hapa mapitisho huhesabiwa kwa milioni kwa sekunde, na jibu hupatikana kwa nanosekunde. Mifano ifuatayo ni ya vizazi vinne vya kumbukumbu:

DDR-400, CL 3: nanosekunde 15
DDR3-1600, CL 11: nanosekunde 13.75
DDR4-3200, CL 22: nanosekunde 13.75
DDR5-4800, CL 40: nanosekunde 16.7

Msomaji ataona jambo la ajabu. Kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho CL imepanda kutoka 3 hadi 40, na mapitisho yameongezeka mara 12, lakini muda wenyewe wa kungoja haukubadilika sana. Sababu yake imo katika kapasita. Chaji yake ni ndogo mno, na safu inapofunguliwa chaji hiyo hulazimika kuenea katika waya ambao ni mrefu ukilinganishwa na kapasita yenyewe. Saketi ya kukuzia umeme haina budi kungoja mpaka tofauti hiyo ndogo ya volti itulie ndipo iweze kutambua kama ni 0 au 1. Wahandisi wamefaulu kupanua njia ya kutolea data kwa kusoma biti nyingi kwa pamoja na kuzitoa kwa mfululizo wa haraka, lakini kule ndani kapasita haikuharakishwa kwa kadiri hiyo hiyo. Ni kama ghala ambalo milango yake imeongezwa, ilhali mtunza ghala anakwenda rafuni kwa mwendo ule ule wa zamani.

Aghalabu lebo huonyesha tarakimu nne, kwa mfano 22-22-22-52. Ya kwanza ni CL. Ya pili ni mapigo ya kungoja baada ya safu mlalo kufunguliwa kabla ya safu wima kuagizwa. Ya tatu ni mapigo ya kuifunga safu mlalo iliyokuwa wazi ili nyingine ifunguliwe. Ya nne ni mapigo machache kabisa ambayo safu mlalo lazima ikae wazi. Ikiwa data inayotakiwa imo katika safu nyingine, prosesa hulipa gharama za tatu za kwanza zote: 22 + 22 + 22, yaani mapigo 66 au nanosekunde 41.25. Programu zinazopima muda wote, tangu prosesa kuomba hadi kupokea, huonyesha muda mrefu zaidi, kwa sababu ombi lenyewe lina njia ya kupita kabla ya kufika kwenye kibao. Hilo si dalili ya ubovu.

Kompyuta ya pili

Sasa inawezekana kuirudia kompyuta ya pili. Megahezi 1198 ni sawa na mapitisho milioni 2400 hivi kwa sekunde, si 3200. CL 17 ikizidishwa kwa 2000 na kugawanywa kwa 2400 huleta nanosekunde 14.2, ambazo ni nyingi kidogo kuliko 13.75 za kompyuta ya kwanza. Kwa hiyo CL imepungua, lakini muda wa kungoja umeongezeka. Aidha, kwa kuwa kibao hutoa baiti 8 katika kila pitisho, kompyuta ya kwanza yaweza kupokea hadi megabaiti 25,600 kwa sekunde kutoka kila kibao, na ya pili 19,200 tu. Robo ya uwezo imepotea. Kompyuta ambayo wanafunzi waliisifu ndiyo hasa yenye kasoro.

Hata hivyo, kasoro hiyo haimaanishi kwamba muuzaji ni mwongo. Mara nyingi sababu huwa ni kibao cha zamani cha DDR4-2400 kilichoachwa kando ya kile kipya. Vibao vinavyotumika pamoja hufuata mwendo ambao vyote vinauweza, kama vile msafara unavyomfuata aliye nyuma. Sababu nyingine ni kwamba huenda prosesa au ubao mkuu haukubali mwendo unaozidi 2400, au kwamba mwendo wa juu haujachaguliwa katika mipangilio ya mwanzo ya kompyuta. Mwalimu atazame mambo hayo matatu kwanza. Ikiwa hayo yote yako sawa na kibao kikiwa peke yake bado hakifikii mwendo ulioandikwa, hapo ndipo atakuwa na hoja ya kupeleka dukani.

Kasi au wingi?

Yapo maduka yanayouza DDR4-3200 yenye CL 16 kwa bei ya juu kuliko ile ya CL 22. Muda wa kungoja wa ile ya kwanza ni nanosekunde 10, hivyo tofauti ni nanosekunde 3.75. Faida hiyo ni ya kweli, lakini shule yenye fedha chache ina swali la kujiuliza kabla ya hilo: je, kumbukumbu iliyopo inatosha? RAM inapojaa, kompyuta hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi yake kwenye diski kuu. Diski ya sumaku inayozunguka huchukua milisekunde 10 hivi kufikia habari moja, nazo ni nanosekunde milioni 10. Akiba ya nanosekunde 3.75 haiwezi kufidia safari moja ya namna hiyo. Kwa maabara ya shule, kuongeza gigabaiti aghalabu huleta nafuu kubwa kuliko kupunguza CL.

Zoezi kwa wanafunzi

Kibao A ni DDR4-3200 chenye CL 16. Kibao B ni DDR5-6000 chenye CL 30. Ni kipi kinachongojewa muda mrefu zaidi, na ni kipi kinachotoa data nyingi zaidi kwa sekunde, ikiwa kila kimoja hutoa baiti 8 kwa pitisho? Hesabu itaonyesha kwamba vyote viwili hungojewa nanosekunde 10, lakini A hutoa hadi megabaiti 25,600 kwa sekunde na B hutoa 48,000. Mwanafunzi aliyepata majibu hayo bila kubabaishwa na tarakimu 16 na 30 amekwisha kuielewa kanuni: kabla ya kulinganisha idadi mbili, ijulikane kwanza kila moja inahesabu nini.