Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini kwa Jina la Stediamu?

Sisi watu wa Pwani tuna neno moja kwa mambo mawili. Mahali mtoto anapoanzia alifu na ubao wake mapajani ni chuo, na mahali kijana anapokwenda kutafuta shahada ni chuo vile vile. Naye afundishaye ni mwalimu, awe anasomesha Kurani, hesabu au kandanda. Hata pale Tononoka utawasikia vijana wakisema, "Mwalimu hajafika, hatuanzi mazoezi." Kwa hivyo nilipoyafuatilia mabishano ya Wamarekani kuhusu stediamu ya chuo na jina la mwalimu wa mpira, sikuyaona kuwa ni mambo ya ng'ambo yasiyotuhusu.

Mabishano yenyewe ni ya mji wa Tallahassee, makao makuu ya jimbo la Florida. Hapo pana Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, na chuo hicho kina stediamu ya mpira wa Kimarekani. Msomaji asiyeujua mchezo huo aelewe kuwa si kandanda yetu. Mpira wao umechongoka ncha mbili, hubebwa mikononi, na wachezaji kumi na mmoja kila upande huvaa kofia ngumu na mabega ya kujikinga, kisha hugongana kama mafahali. Wachezaji ni wanafunzi, lakini watazamaji ni umati usio na kifani. Stediamu hiyo ilipofunguliwa mwaka 1950 ilichukua watu 15,000. Baadaye ilipanuliwa mara kwa mara hata ikapita watu 79,000.

MAJINA MAWILI

Stediamu inaitwa Doak Campbell. Huyu bwana hakuwa mchezaji wala mwalimu wa mpira. Alikuwa mkuu wa chuo tangu mwaka 1941 hadi 1957. Alikikuta kikiwa chuo cha wanawake, na mwaka 1947 kikageuka kuwa chuo kikuu cha wanaume na wanawake mikononi mwake. Alikuwa mjenzi, na stediamu ilipewa jina lake akiwa bado kitini.

Jina la pili ni Bobby Bowden. Bowden alifika Tallahassee mwaka 1976 kuifundisha timu iliyokuwa imekata tamaa. Katika misimu mitatu kabla yake, timu ilishinda michezo minne tu. Msimu wake wa kwanza alishindwa zaidi ya alivyoshinda. Baada ya hapo hakupata tena msimu wa hasara mpaka alipostaafu mwishoni mwa msimu wa 2009. Tangu 1987 hadi 2000, misimu kumi na minne mfululizo, timu yake haikutoka katika tano bora za nchi nzima. Ubingwa wa taifa aliuchukua mara mbili, mwaka 1993 na mwaka 1999. Alikuwa Mkristo asiyeificha dini yake, na mzaliwa wa Alabama enzi za ubaguzi, lakini mchezaji aliyempa ubingwa wa kwanza, Charlie Ward, alikuwa kijana mweusi, na mwaka huo huo wa 1993 akatwaa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika mchezo huo wa vyuo.

Mwaka 2004 chuo kilimjengea Bowden sanamu, na uwanja wenyewe, yaani zile nyasi, ukaitwa kwa jina lake. Tangu hapo anwani kamili ikawa Uwanja wa Bobby Bowden ndani ya Stediamu ya Doak Campbell. Nyasi ni za mwalimu, majukwaa ni ya mkuu wa chuo.

Mambo yalikaa hivyo hadi mwaka 2020. Mwezi wa Mei mwaka ule polisi wa Minneapolis walimuua George Floyd, na Marekani nzima ikaanza kuyatazama upya majina yaliyoko juu ya milango yake. Mmoja wa wachezaji wa zamani wa timu hiyo ya Tallahassee akaandika ombi na kuwaita watu walitie sahihi: jina la Campbell liondolewe, stediamu nzima iwe ya Bowden. Sababu yake ilikuwa wazi. Campbell alikuwa mkuu wa chuo wakati wa ubaguzi na hakuutaka mchanganyiko. Mwanafunzi mweusi wa kwanza hakuingia chuoni humo hadi mwaka 1962, miaka mitano baada ya Campbell kuondoka, na miaka minane baada ya mahakama kuu ya nchi kuamua mwaka 1954 kuwa kutenganisha shule kwa rangi ni kuvunja katiba.

Mkuu wa chuo wa wakati ule aliagiza jambo lichunguzwe. Hata hivyo jina la Campbell limebaki pale pale.

KUVUA NA KUVISHA

Mimi naona ombi lile lilifunga mafundo mawili kwa kamba moja. Kumvua mtu heshima ni shauri moja, na kumvisha mwingine ni shauri la pili. Ukiyachanganya, wanaompenda Bowden watamchukia Campbell bila ya kujua alitenda nini, na wanaomtetea Campbell watajikuta wanamsema vibaya Bowden, mtu ambaye hawana ugomvi naye.

Tuanze na Campbell. Watetezi wake husema alifuata sheria ya wakati wake. Ni kweli kuwa katiba ya Florida ya mwaka 1885 iliamuru weupe na weusi wasisome pamoja. Lakini kufuata sheria kuna daraja. Mwaka 1956, katika mji huo huo, wanafunzi wawili wa kike weusi walikataa kuhama viti vyao ndani ya basi, wakakamatwa, na watu weusi wote wakaususia usafiri wa mabasi kwa miezi mingi. Mwaka uliofuata, chuo cha Campbell kikamfukuza mwanafunzi wake mzungu aliyejihusisha na weusi wa mji. Hapo sheria haikuwa ikifuatwa tu. Ilikuwa ikisukumwa mbele.

Husemwa pia kuwa kuliondoa jina ni kuifuta historia. Hoja hii twaijua sana sisi. Barabara kuu ya Mombasa iliyoitwa Salim Road, kwa jina la liwali, leo ni Digo Road. Kilindini Road ikawa Moi Avenue. Nairobi nayo iliibadilisha Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Je, nani amemsahau Delamere? Vitabu vimejaa habari zake. Historia hukaa vitabuni na vinywani mwa wazee. Kibao cha mlangoni kina kazi nyingine: kinamwambia apitaye, "Huyu ndiye tunayemheshimu." Basi swali la Tallahassee ni jepesi kuliko linavyopigiwa kelele. Vijana weusi wanaoujaza uwanja ule kila msimu, je, ni haki wacheze chini ya jina la mtu ambaye asingewaruhusu kukaa darasani? Mimi nasema si haki, na ningesema hivyo hata kama Bowden hakuzaliwa.

MGEMA NA SIFA

Sasa tumtazame mwalimu. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wamarekani hawakuusikia msemo huu, kwani wana tabia ya kumwandika mtu ukutani angali anatembea. Alabama iliongeza jina la mwalimu wake Bear Bryant juu ya stediamu ya Denny mwaka 1975, naye aliendelea kufundisha hadi 1982. Grambling, chuo cha weusi huko Louisiana, kilifungua stediamu yenye jina la Eddie Robinson mwaka 1983, na Robinson akafundisha miaka kumi na minne zaidi. Hao wawili walimaliza salama. Robinson aliingia kazini mwaka 1941 akatoka 1997, na michezo 408 ya ushindi, bila doa la kuwaaibisha waliomtukuza.

Lakini si wote. Pennsylvania palikuwa na Joe Paterno, mwalimu wa chuo cha jimbo hilo tangu 1966, aliyeshinda michezo 409. Mwaka 2001 alisimamishiwa sanamu ya shaba nje ya stediamu. Mwaka 2011 ikabainika kuwa aliyekuwa msaidizi wake alikuwa akiwanajisi watoto wa kiume kwa miaka mingi. Msaidizi alihukumiwa mwaka 2012. Paterno mwenyewe hakushtakiwa, ila alilaumiwa kuwa aliambiwa na hakufanya ya kutosha. Akaachishwa kazi, akafariki Januari 2012, na Julai ya mwaka huo sanamu ikang'olewa. Hata ushindi wake 111 ulifutwa, kisha ukarudishwa mwaka 2015. Maktaba ya chuo, ambayo yeye na mkewe waliichangia fedha nyingi, ingali ina jina lao. Tazameni ajabu hiyo: mtu mmoja, chuo kimoja, jina lake ni heshima kwenye vitabu na ni kidonda kwenye mpira.

Bowden naye hakukosa doa. Wachezaji wake kadhaa walishiriki udanganyifu wa mitihani, na chama kinachosimamia michezo ya vyuo kikamfutia ushindi wa michezo 12. Jumla yake ikashuka kutoka 389 hadi 377. Hilo ni kosa, na wampendao wasilifiche. Hata hivyo, mwenyewe alifariki Agosti 2021, ana umri wa miaka 91. Daftari lake limefungwa. Aliyoyatenda yamejulikana, na mtu wa haki anaweza kuyapima. Kwa kipimo hicho mimi namwona astahili.

JIRANI WA MJI MMOJA

Ila nina neno moja ambalo katika kelele zile sikulisikia sana. Tallahassee ina vyuo vikuu viwili. Cha pili ni kile cha weusi, Florida A&M, kilicho karibu na cha kwanza kwa mwendo wa miguu. Huko alikuweko mwalimu aitwaye Jake Gaither, aliyefundisha tangu 1945 hadi 1969. Alishinda michezo 203, akashindwa 36, akatoka sare minne. Pigeni hesabu wenyewe: katika kila michezo sita, hakushindwa hata mmoja kamili. Wachezaji wake hawakuruhusiwa kucheza na vyuo vya wazungu vya kusini mpaka Novemba 1969, na siku hiyo waliishinda Tampa 34 kwa 28. Ukumbi wa michezo na uwanja wa gofu mjini humo vina jina la Gaither, lakini nje ya Florida wangapi wanamjua?

Stediamu ya Campbell haikuwa yake, wala sisemi apewe. Nasema hivi: mji ukiketi kuulizana ni mwalimu gani aliyeutukuza, na sababu ya kuuliza ikawa dhuluma waliyofanyiwa weusi, basi haipendezi Gaither asitajwe kabisa. Kumtoa mbaguzi na kumweka mzungu mwema ni hatua. Lakini waliodhulumiwa wamekaa wapi katika mazungumzo hayo?

Mfano wa subira upo. Katika chuo cha jimbo la Iowa, mwaka 1923, mchezaji mweusi wa kwanza wa chuo, Jack Trice, aliumizwa uwanjani akafa siku mbili baadaye, umri wake miaka 21. Wanafunzi walianza kudai stediamu iitwe kwa jina lake katika miaka ya sabini. Mwaka 1984 wakubwa walikubali nyasi tu. Wanafunzi hawakuchoka, na mwaka 1997 stediamu nzima ikawa ya Jack Trice. Kwa hivyo Bowden kuwa na nyasi bila majukwaa si mwisho wa safari.

NA SISI JE?

Sisi wenyewe tunasema mcheza kwao hutunzwa. Lakini mara nyingi tuzo yetu huja na sanda. Joe Kadenge, nyota wa kandanda aliyetia jina la Kenya vinywani mwa watu, aliugua miaka mingi. Alipofariki Julai 2019 ndipo City Stadium ya Nairobi ikatangazwa kuwa ni yake. Mashabiki wengi bado huiita City. Jina jipya halishiki kwa amri. Hushika watu wakilitaka.

Nilisoma chuo ambacho hakikuwa na kibao. Kilikuwa baraza na mkeka. Hadi leo tuliosoma pale, tukiulizana, hatutaji mtaa wala nyumba. Husema, "Nilisoma kwa Mwalimu fulani," na jina lake latosha.

Rai yangu kwa watu wa Tallahassee, kama ningeulizwa, ni hii. Jina la Campbell lishushwe kwa sababu zake lenyewe, na sababu hizo ziandikwe pale pale mlangoni, habari ya ujenzi wake na habari ya ubaguzi wake pamoja, mtoto asome yote mawili. Kisha wakae, weusi kwa weupe, waamue jina la kuweka, na Gaither atajwe katika kikao hicho. Wakimchagua Bowden, watakuwa wamechagua mtu mwema. Wasimtumie tu kuwa plasta juu ya jeraha ambalo halijaoshwa.

Nami namalizia kwa ubeti mmoja:

Jiwe ni jiwe mwenzangu, halina lilijualo,
Hufutwa na ulimwengu, lolote liandikwalo,
Tenda wema ndugu yangu, ndilo jina lidumulo,
Mtu hujengwa moyoni, si kwa saruji na chuma.