Chembe Sahani na Alama za Mwilini

Ndugu wakazi wa Chienge, Nchelenge na ng'ambo ya Pweto, yafaa tufahamu kwamba si kila mwili uliovilia damu umepigwa.

Chembe sahani ndizo zizibazo mshipa uliopasuka. Katika karatasi ya majibu huandikwa PLT. Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni baina ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikipungua mno, ngozi huvilia damu kwa kuguswa tu, na fizi au pua hutokwa na damu. Malaria, iliyo nyingi kandokando ya Ziwa Mweru, huzipunguza mara kwa mara. Mgonjwa akitibiwa, kwa kawaida hurejea. Zikizidi, huenda pana maambukizo au upungufu wa madini ya chuma. Aidha, zikishikamana katika kichupa, mashine huhesabu chache kuliko zilizopo. Ndipo kipimo hurudiwa.

Basi tusimtuhumu mume, jirani wala mchawi kabla ya uchunguzi wa daktari. Wala tusimnyamazishe aliyepigwa, kwani uchunguzi huohuo ndio ushahidi wake. Atokwaye na damu isiyokoma apelekwe hospitali mara moja, wala asipewe aspirini.