Senema ya Kutisha ya Mwaka 1945: Yafaa Kutazamwa Leo?

Wengi wetu tumezoea senema za kutisha za siku hizi, ambazo damu humwagika kabla mtazamaji hajaketi vizuri. Leo nataka kuwaeleza habari za senema ya zamani ambayo hutisha kwa njia nyingine. Jina lake ni Dead of Night, yaani Usiku wa Manane. Ilitengenezwa Uingereza na studio za Ealing, ikaonyeshwa London mwezi wa Septemba, 1945, wakati Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imekwisha sasa hivi tu. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, nayo huchukua zaidi kidogo ya dakika 100. Nimeitazama mara tatu.

Senema hii ni hadithi tano zilizofungwa ndani ya hadithi moja, kama ilivyo desturi ya Alfu Lela Ulela. Waongozaji wake walikuwa wanne: Alberto Cavalcanti, Charles Crichton, Basil Dearden na Robert Hamer. Mchora ramani za nyumba aitwaye Walter Craig anafika katika nyumba moja ya shamba. Watu waliomo hajapata kuonana nao, lakini anawajua wote, kwa kuwa amewaota mara nyingi. Anajua pia kwamba ndoto hiyo huishia pabaya. Miongoni mwao yumo Dakta van Straaten, mganga wa maradhi ya akili, asiyesadiki mambo kama hayo. Basi wanasimulia maajabu kwa zamu, na kila ajabu daktari anaitafutia sababu.

Hadithi ya kwanza ni ya dereva wa mashindano ya magari aliyelazwa baada ya ajali. Usiku anavuta pazia, na nje anakuta mchana. Chini limesimama gari la maiti, na mwendeshaji wake anamwambia kuwa imebaki nafasi ya mtu mmoja. Baadaye, alipopona, anataka kupanda basi. Kondakta ana uso ule ule, na anasema neno lile lile. Anakataa kupanda. Basi linaondoka, linapinduka na kuanguka mbele ya macho yake.

Ya pili ni ya msichana anayecheza kibe siku ya Krismasi, akamkuta mtoto analia katika chumba cha juu. Jina la mtoto yule, Francis Kent, lilitolewa katika kisa cha kweli: mtoto wa jina hilo aliuawa Uingereza mwaka 1860, na dada yake Constance akakiri mwaka 1865. Ya tatu ni ya kioo cha kale, ambacho mwenye kujitazama ndani yake anaona chumba kisicho chake. Ya nne, ya wacheza gofu wawili, ni ya kuchekesha, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Ya tano ndiyo inayosifiwa zaidi. Michael Redgrave anaigiza mtu wa michezo ya jukwaani, anayesema bila kuchezesha midomo ili sauti ionekane inatoka kwa mwanasesere wake, Hugo. Kidogo kidogo hatujui tena ni nani bwana na ni nani mtumwa. Mara ya tatu nilijaribu kumtazama Hugo tu, nione ujanja unafanywaje. Nilijikuta namtazama Redgrave, maana hofu yote iko machoni pake.

Mtazamaji wa leo atapata taabu mwanzoni. Watu wanazungumza Kiingereza cha kibwanyenye, na mambo yanakwenda polepole. Ndugu yangu mdogo alicheka robo saa nzima. Kilipofika kioo, alinyamaza. Nadhani sababu ni hii: senema haituonyeshi jini wala zimwi, inatuonyesha kitu cha kila siku, kama pazia, basi au kioo, kisha inakigeuza kidogo tu. Zimwi tunaliacha pale pale picha inapokwisha, bali kioo tunacho nyumbani.

Mwisho wake ni mzunguko. Craig anamnyonga daktari, hadithi zote zinachanganyika kuwa jinamizi moja, kisha anaamka kitandani. Simu inalia, anaalikwa kwenda katika nyumba ya shamba. Anaondoka, na tunaona tena picha zile za mwanzo. Wataalamu watatu wa nyota wa Cambridge, Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle, waliitazama senema hii, na mzunguko huo uliwafanya waulize kama ulimwengu nao huenda hauna mwanzo wala mwisho. Mwaka 1948 walitoa nadharia yao, kwamba ulimwengu unatanuka lakini sura yake haibadiliki, kwa kuwa vitu vipya huzaliwa kujaza nafasi. Tangu mwaka 1965, mionzi ya kale ya ulimwengu ilipogunduliwa, wataalamu wengi waliiacha nadharia hiyo. Hata hivyo, ni fahari kwa senema kuzaa swali kubwa namna hiyo.

Sasa nitaje jambo moja linalonisumbua. Katika senema hii anayeuawa ni yule anayeuliza sababu. Hakushindwa kwa hoja, alinyongwa tu. Kwa mchezo ni vizuri sana, maana twataka kuogopa. Lakini sisi tunaishi katika nchi ambamo wazee, hasa akina mama wajane, wamepata kupigwa na kufukuzwa makwao kwa sababu jirani aliota ndoto. Pale hakuna taa zitakazowashwa ili watu waende zao. Mwangalieni pia dereva wa hadithi ya kwanza: onyo lilimwokoa yeye peke yake, na abiria waliokuwamo hawakuambiwa kitu. Kwa hiyo nampenda Craig kwenye picha, lakini kijijini ningetaka daktari aishi.

Basi, ndugu zangu, mkiipata itazameni usiku, taa zimezimwa, kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuisimamisha. Anayeitazama katika simu huku akijibu barua za marafiki hataogopa kitu, wala asiilaumu senema. Ikisha, msikimbilie kulala. Kaeni mbishane juu ya kila hadithi: je, sababu aliyoitoa daktari yatosha? Mimi katika hadithi ya basi naona haitoshi, na katika ile ya mwanasesere naona yatosha kabisa. Nanyi mtasemaje?