Mafigo na Adui Zake

Katika nchi ya Ugogo, makorongo hujaa wakati wa mvua, na maji yaendayo kwa nguvu huchukua takataka zote. Wakati wa kiangazi takataka hukaa pale pale mchangani. Njia ya mkojo katika mwili wa mtu ni mfano wa korongo hilo.

Mtu ana mafigo mawili, kila moja lapata ukubwa wa ngumi, nayo yamekaa huku na huku ya uti wa mgongo. Kazi yake ni kusafisha damu. Kila siku huchuja maji kadiri ya lita 180, lakini karibu yote hurudi damuni. Yabakiyo, lita moja au mbili, ndiyo mkojo, nao hushuka kwa mirija miwili mpaka kibofuni.

Adui wa mafigo ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kiletacho ugonjwa mara nyingi zaidi hukaa matumboni mwa watu. Theodor Escherich, daktari Mjerumani, alikieleza mwaka 1885. Kikitoka na choo kikaingia katika njia ya mkojo, huweza kupanda mpaka kibofuni, na pengine hata mafigoni. Mkojo utokao mara kwa mara hukifagia. Bali mtu anywaye maji machache, au azuiaye haja yake, humpa adui nafasi. Wanawake hupatwa zaidi, kwa kuwa njia yao ni fupi.

Mgonjwa hushikwa na homa, hutetemeka kwa baridi, hutapika, huumwa kiunoni chini ya mbavu, na mkojo humchoma. Wengi husema, "Ni malaria," wakameza dawa isiyofaa. Siku zikipita, vijidudu huweza kuingia damuni, na mtu akafa. Tena ugonjwa ukirudi mara nyingi waweza kuacha makovu, na kovu halichuji damu. Mjini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza mafigo mwaka 2018. Lakini kazi hiyo ni kubwa, nayo yahitaji mtu mwingine atoe figo lake.

Basi mwenye dalili hizi yampasa kwenda hospitali upesi, apimwe damu na mkojo, kisha ameze dawa aliyopewa mpaka imalizike, hata akijiona mzima siku ya tatu. Akiiacha katikati, vijidudu vilivyosalia huzaana tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.