Koo lililopitiwa na mpira

Koo likimwuma mtu kwetu Mombasa hakosi tabibu. Kabla hajamaliza kukohoa, jirani wa kulia amekwisha leta tangawizi, wa kushoto ameleta asali, na bibi aliye uani anauliza kama hapana mtipitipi karibu atafuniwe majani yake. Mimi nimelelewa katika mambo hayo, wala sikupata kuyatilia shaka mpaka mwezi wa Agosti 2023, nilipotolewa kifuko cha nyongo kilichojaa mawe katika hospitali moja mjini Thika.

Binti yangu ameolewa Ruiru, na ndiye aliyesema, "Baba, njoo huku nikuuguze mwenyewe." Kutoka kwake hadi Thika ni mwendo mfupi wa matatu, basi nikakubali.

Daktari wa nusukaputi aliniuliza kwa adabu, "Mzee, kuna dawa yoyote ya miti shamba unayotumia?" Nikamjibu hapana. Wallahi sikukusudia kusema uongo. Kila asubuhi nilikuwa nikimeza punje kadhaa za kitunguu thaumu kibichi na kikombe cha tangawizi iliyokolea, lakini kwangu hicho kilikuwa chakula, si dawa. Binti yangu ndiye aliyenifichua. Daktari akasogeza mbele siku ya kupasuliwa kwa wiki 2, akanieleza kuwa thaumu na tangawizi, zikitumiwa kwa wingi namna ile, huenda zikaizuia damu isigande upesi. Baadaye nikapata habari kuwa hata chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani huwashauri wagonjwa waache dawa za mimea wiki 2 kabla ya kupasuliwa. Mchuzi wenye tangawizi hauna neno. Neno ni kile kikombe.

Basi nikapasuliwa, nikaamka. Tumbo lilikuwa limefungwa vizuri wala halikuniuma sana. Lililonishitua ni koo. Nilijiona kama niliyemeza mwiba wa changu, nao umekwama. Nikataka kusema alhamdulillahi, ikatoka pumzi tupu. Wasomaji wanaonijua wanajua kwamba sauti ndiyo mali yangu, na Mfunguo Sita ulikuwa unabisha hodi, na mimi ni miongoni mwa wasomao maulidi mtaani kwetu. Nilidhani wamenikata kitu kooni kwa makosa.

Daktari alipokuja akaketi kitandani akanieleza. Mtu akilazwa kwa nusukaputi ile ya mwili mzima, mara nyingi hawezi kujipumulia ipasavyo, kwa hiyo hupitishiwa mpira mdomoni, ukapita katikati ya nyuzi za sauti mpaka kwenye bomba la pumzi. Mwisho wa mpira huo pana kijipovu kinachojazwa upepo ili pumzi isivuje na mate yasiingie mapafuni. Kinapobana, na mpira unapokwaruza, na hewa kavu inapopita kwa saa nzima au zaidi, koo huchubuka. Jambo hili huwapata wengi, na tafiti nyingine zimetaja zaidi ya nusu ya waliotiwa mpira. Kwa kawaida hupoa lenyewe kwa siku 2 au 3.

Nikakumbuka, nikiwa nimelala pale, kwamba hili si geni kabisa kwetu Waislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ametaja katika Kanuni yake ya tiba kupitisha kooni mrija wa dhahabu au fedha ili kumsaidia mgonjwa kupumua. Nashukuru wangu haukuwa wa dhahabu. Ungenigharimu zaidi.

Sasa zikaanza kuja dawa. Dada yangu alileta kutoka Mombasa chupa ya Zamzam, habasoda, karafuu na asali. Jirani wa binti yangu, mama mmoja wa Kikikuyu mwenye huruma nyingi, akaleta gome la muthiga, mti ambao watu wa huko hulitafuna gome lake kwa kikohozi na koo. Nililionja siku za nyuma, na linawaka kuliko pilipili manga.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Dawa hizi kali tumezizoea kwa mafua na kikohozi, zikitoa jasho na kulegeza makohozi. Koo langu halikuwa na mafua. Lilikuwa limechubuka, kama goti la mtoto aliyeanguka. Nani humpaka mtoto pilipili gotini? Kwa hiyo muthiga niliuweka kando kwa shukrani, na karafuu pia, kwani ingawa hutia ganzi, ikitafunwa mbichi huunguza ngozi laini ya mdomo. Habasoda nayo nikaiambia ingoje zamu yake.

Hata Zamzam ilingoja. Dada yangu alikuwa amekwisha mimina kikombe, muuguzi akamzuia, "Mama, bado." Mtu akitoka katika nusukaputi, koo lake huwa bado na usingizi, na maji yanaweza kupotea njia yakaingia mapafuni. Niliporuhusiwa, nilianza kwa funda ndogo ndogo.

Kilichonifaa ni vitu vya upole: maji ya vuguvugu, kusukutua kwa maji yenye chumvi kidogo, na asali. Asali imetajwa kwa ubora wake katika Suratu Nahl, na madaktari nao wameijaribu kwa watoto waliokatwa mafindofindo, wakaona inapunguza maumivu. Lakini asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, na mwenye sukari aulize kwanza.

Uko pia mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irk sus, na Wahindi wenye maduka huuita mulethi. Wamisri hunywa maji yake katika Ramadhani. Huu umefanyiwa majaribio hasa kwa koo la namna hii, India mwaka 2009, na Vienna mwaka 2013 kwa wagonjwa 236 waliotiwa mpira mnene wa kupasuliwa kifua. Waliosukutua maji yake kabla ya kulazwa usingizi waliumwa koo wachache kuliko wengine. Walisukutua na kutema, tena mbele ya daktari. Kuunywa kila siku ni jambo jingine, kwani hupandisha presha. Na ule mtipitipi wa bibi majani yake ni matamu vilevile, lakini zile mbegu zake nyekundu zenye jicho jeusi ni sumu ya kuua. Watoto wasizichezee.

Daktari alinionya kuwa nikishindwa kupumua vizuri au kumeza, nikitema damu, au sauti ikikataa kurudi baada ya wiki, nisikae nyumbani na birika la dawa, nirejee.

Haikufika huko. Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, nilisoma Yasini pale Ruiru kwa sauti ya chini, na binti yangu aliyekuwa jikoni akaacha kugonga sufuria. Mfunguo Sita nilisoma mlango mmoja tu, mingine nikawaachia vijana. Ama lile gome la muthiga, nililitunza. Mwezi wa Juni uliofuata nilipata mafua mazito, nikalitafuna, na machozi yakanitoka.