Macho Mazima, Nusu Haionekani



Tuseme babu amekuja Dubai kutoka Tanga baada ya kuugua kiharusi. Mjukuu anamwendea upande wa kushoto, anasema, "Shikamoo babu," na kumpa mkono. Babu anaitikia, "Marahaba," lakini mkono haupokei. Mtoto ananuna, akidhani babu amemkasirikia. Kumbe babu hakuuona.

Macho ya babu ni mazima. Tatizo liko kisogoni. Jicho hupokea mwanga, lakini ubongo ulio nyuma ya kichwa ndio unaoufanya kuwa picha. Ubongo wa kulia hushughulikia vilivyo kushoto kwetu, na wa kushoto vilivyo kulia. Kiharusi kikikata damu upande mmoja wa kisogo, nusu ya tunayoyaona hupotea kwa macho yote mawili. Mmoja wa waliochora ramani ya sehemu hiyo ni Tatsuji Inouye, daktari wa macho wa Japani. Aliwachunguza askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Japani na Urusi vya 1904–1905.

Jaribuni hili: andikeni neno "hawali", kisha mfunike "ha". Kimebaki nini? "Wali"! Hivyo ndivyo aliyepotewa na upande wa kushoto anavyoweza kukosa mwanzo wa neno la Kiswahili. Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo aliyepotewa na upande wa kulia ndiye anayetatizika kuupata mwanzo wa mstari.

Je, umeme unaweza kusaidia? Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Kwa hiyo watafiti huweka vibamba vidogo kichwani, bila kupasua, na kupitisha umeme hafifu, mara nyingi miliampia 1 hadi 2, kwa dakika 20 hivi. Mgonjwa huhisi mchonyoto kidogo. Wakati huohuo hufanya mazoezi ya kuona kwenye kompyuta.

Hapa Al Quoz tunaona gari likiisha betri, fundi analiunganisha kwa nyaya na betri nyingine, nalo linawaka. Ubongo si hivyo. Seli zilizokufa hazifufuki. Umeme unalenga zile zilizonusurika, ili ziitikie mazoezi kwa wepesi zaidi. Huko Uswisi, watafiti wa EPFL wamejaribu kuchochea kwa pamoja sehemu mbili za ubongo: ile inayopokea picha na ile inayotambua vitu vinavyokwenda. Baadhi ya wagonjwa katika majaribio ya aina hii wamepata nafuu, lakini waliojaribiwa ni wachache, na bado si tiba ya kawaida. Wazazi, msinunue vifaa hivyo mtandaoni mkavijaribu nyumbani. Vinaweza kuunguza ngozi. Muulizeni kwanza daktari wa mishipa ya fahamu.

Kinachosaidia leo ni mazoezi ya kupeleka macho kwa makusudi upande uliopotea. Hayarudishi nusu ile, bali humzoeza mtu kuitafuta. Mjukuu anaweza kupanga karata mezani, babu azitafute moja moja. Anapomwamkia, asimame upande ambao babu anauona. Na babu asiendeshe gari mpaka daktari aruhusu.

La mwisho, watoto likaririni: mtu akipoteza kuona ghafla, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, pigeni 998 papo hapo, hata kama hali hiyo imepita baada ya dakika chache.

Msamiati wa wiki
Kiharusi: ugonjwa unaotokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake.
Kisogo: sehemu ya nyuma ya kichwa.
Kunusurika: kuokoka katika hatari.