UMEME UKIZIMIKA NYUMBANI, IULIZE MITA KWANZA

Kwa Wanachama wote,

Mwanachama wetu mmoja, ambaye mwanawe ni mwalimu huko Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, ameleta swali ofisini. Asema nyumba ya kijana wake ilikaa gizani siku mbili, na hali jirani wa ng'ambo ya barabara anawasha taa. Kijana akadhani nyaya za ndani zimeungua, akataka kumlipa fundi abomoe ukuta. Je, ni haki? Kwa kuwa jambo hili hutufika na sisi huku visiwani, tumeona yafaa lielezwe hapa.

Kwanza yatupasa kujua umeme watoka wapi. Zamani Songea na Mbinga zilitegemea mitambo ya dizeli. Mwaka 2018 njia kuu ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea, Ruvuma ikaingia katika gridi ya Taifa. Kutoka Songea nyaya hupita milima ya Wamatengo hadi Mbinga, kisha hushuka Mbamba Bay, pwani ya Ziwa Nyasa. Sisi wa Pemba, tangu mwaka 2010, twaletewa umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kasoro ikitokea katika njia ndefu kama hizo, mji mzima huzimika. Wenzetu wa Unguja walikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Giza la namna hiyo halina dawa ya nyumbani.

Lakini taa ya jirani si ushahidi wa kutosha. Transfoma ya mtaa hutoa nyaya tatu zenye moto, na nyumba nyingi huchukua mmoja tu. Waya wako ukikatika au fyuzi yake ikiungua, wewe utakuwa gizani na jirani aliye kwenye waya mwingine asijue lolote.

Basi mwulize shahidi wa kweli, nayo ni mita, iwe ya LUKU kule bara au ya TUKUZA kwetu. Tazama mita yenyewe, si kile kidude cha kubonyezea namba.

1. Mita imekufa kabisa, haina taa wala tarakimu: umeme haufiki kwako. Kasoro iko nje, ni kazi ya shirika la umeme. Piga simu, usifungue kitu.

2. Mita ni hai, lakini uniti zimekwisha: nunua. Kama inakataa namba mpya, huenda haikubadilishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, siku ambayo mita za namna hii duniani zilihitaji kuwa zimekwisha kubadilishwa. Peleka habari ofisini kwao.

3. Mita ni hai na uniti zipo: kasoro iko ndani, nayo ni juu yako.

Kwa hali hii ya tatu, tazama meni swichi na breka. Breka iliyoanguka, usiipandishe mara kwa mara kwa hasira. Chomoa vyombo vyote, kisha ipandishe mara moja. Ikikaa, rudisha vyombo kimoja kimoja. Kile kinachoiangusha ndicho kibovu. Ikianguka bila chombo chochote, waya una kasoro. Mwite fundi mwenye leseni. Na ikiwa huanguka pale tu vyombo vingi viwapo pamoja, umeuzidishia mzigo. Birika la umeme la wati 2,000 hula sawa na globu 220 za wati 9.

Iko dalili moja ya kuogopwa. Taa nyingine zikififia na nyingine ziking'aa kupita kiasi, zima meni swichi papo hapo. Yaelekea waya wa kurudisha umeme umelegea, na friji au redio yaweza kuungua kwa dakika chache.

Mwisho, la uhai. Msimu wa kuchuma, vijana wetu hupanda mikarafuu na kuvuta matawi kwa miti mirefu. Tawi bichi lililolowa hupitisha umeme. Mkarafuu ulioegemea nyaya usichumwe wala usikatwe mpaka shirika lizime njia. Waya ulioanguka, kaeni mbali nao hatua ishirini, hata kama mtaa mzima una giza, kwa maana umeme waweza kurudi wakati wowote. Na mtu akinaswa, usimshike kwa mkono. Zima umeme kwanza. Wengi hufa wawili kwa sababu wa pili alikuwa na huruma bila maarifa.

Kwa mwalimu wa Mbinga jibu letu ni hili: aitazame mita kabla ya kumlipa mtu hata senti moja. Ikiwa imekufa, ukuta wake hauna kosa.

Katibu wa Chama